Kupenda Mji na Kuutimizia Haki

Ni mashuhuri katika ndimi za watu kwamba kupenda nchi ni katika imani, na wengi huyataja maneno hayo kuwa ni hadithi ya Mtume (s.a.w.). Wanavyuoni wa hadithi wameyachunguza wakasema hayana asili, na as-Saghani aliyahesabu katika yale yaliyozuliwa. Jambo hili si dogo. Kwani mtu akiyaamini, huketi akahesabu mapenzi yake matupu kuwa ni ibada, asifanye kitu.

Wala si haki kusema kwamba kuutamani mji wa kwenu ni udhaifu. Mtume (s.a.w.) alipoihama Makka mwaka 622 alibainisha kwamba aipenda, na kwamba lau watu wake hawakumtoa asingetoka. Bilal naye, aliposhikwa na homa Madina, aliyatamani mabonde ya Makka na majani yake, wala hakukemewa. Lakini Makka ilipofunguliwa mwaka 630, Mtume hakukaa. Alirejea Madina, kwani Ansari walikuwa na haki juu yake. Basi tufahamu: mapenzi ni tabia ya moyo, na haki ndiyo tutakayoulizwa.

Na tujitazame sisi tuliotoka Amu, tulio Mombasa, Nairobi na Arabuni. Tukikutana arusini hatuna mazungumzo ila vichochoro vyake, madaka waliyokaa wazee wetu baada ya alasiri, na harufu ya yasmini usiku. Mji ulipoandikwa katika urithi wa ulimwengu mwaka 2001 tulijisifu kana kwamba ni sisi tulioujenga.

Ilhali nyumba zile za mawe ya matumbawe na chokaa haziangushwi na uzee. Huangushwa na kuachwa. Dari likivuja, vichwa vya boriti huoza ndani ya ukuta. Boriti zikianguka, ukuta hukosa kilichoushika ukainama. Na kwa nini zaachwa? Kwa kuwa babu alikufa na mirathi haikugawanywa. Warithi wametawanyika, kila mmoja asema nyumba ni ya wote, na ya wote haina mwenye kuipiga chokaa.

Mwandishi wa maneno haya ni mmoja wao. Usiku mmoja niliwasimulia wanangu zidaka za nyumba yetu mpaka machozi yakanilenga. Hazikupita siku nyingi, jirani yetu, mama mzee mjane, akanipigia simu. Aliniuliza kwanza hali za watoto, kisha akasema: "Mwanangu, ukuta wenu umeniegemea. Nimehamisha kitanda changu. Masika yaja." Hakunilaumu, na lau angenilaumu ingekuwa nafuu kwangu.

Nilikumbuka kwamba Jibrili alimuusia Mtume (s.a.w.) sana juu ya jirani, hata akadhani kwamba atamfanya mrithi. Jirani alikaribia kurithishwa. Na sisi warithi wa kweli tunamrithisha ukuta wa kumwangukia!

Basi, ndugu zangu, yatupasa mambo matatu. Kwanza, tuende kwa kadhi tugawanye mirathi kama ilivyoamrishwa katika Suratun-Nisaa. Pili, asiyeweza kutunza fungu lake na ataka kuuza, amwonyeshe kwanza mshirika wake, kwani hiyo ndiyo maana ya shufaa, kabla ya kumkimbilia mgeni mwenye fedha nyingi. Tatu, dari lizibwe kabla ya mvua, hata kama mgawanyo haujakwisha. Kwani madhara ya jirani hayangoji hesabu zetu. Na asemaye hana uwezo, na ahesabu alichotumia katika arusi iliyopita.

Niandikapo haya warithi wenzangu wawili wameitikia, na watatu hawajajibu. Mafundi wameanza kuutegemeza ukuta kwa magogo. Tangu siku ile sijausifu mji wangu mbele ya watu, na nitausifu siku mama yule atakaporudisha kitanda chake mahali pake.

Mwenyezi Mungu atuwafikie kutimiza haki za tuliowaacha nyuma. Amin.