Pua ni Shahidi, Si Kadhi

Tukiingia nyumba iliyofukizwa udi, twasema, "Nyumba hii safi." Akisimama kando yetu katika safu mvuvi aliyetoka baharini, twajivuta, na mioyoni mwetu twamhukumu kuwa mchafu. Katika hukumu zote mbili tumemtumia kadhi mmoja, naye ni pua. Je, hukumu yake ni ya haki?

Sheria imeipa pua kazi, walakini kazi yenye mpaka. Maji yakigeuka harufu kwa kuingia najisi, hayafai kutawadhia, hata yakiwa mengi. Lakini jasho la mwanadamu ni twahara, na samaki ni twahara. Mwenye kunuka hivyo hana najisi. Na mkeka uliorowa mkojo hautwahiriki kwa kufukizwa wala kunyunyizwa marashi. Hutwahirika kwa maji.

Katika mambo ya siha pia pua hukosea. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu London, wengi katika wakubwa wa mji waliamini kuwa maradhi hayo huletwa na hewa inayonuka. Daktari John Snow akaonyesha kuwa yametoka katika maji ya pampu ya Broad Street, maji ambayo walikuwako waliyoyapenda kwa ladha yake. Basi na sisi wa mwambao, ambao visima vyetu vingi vi karibu na vyoo vya shimo, tusiyaamini maji kwa kuwa hayanuki tu.

Hatusemi kwamba harufu si kitu. Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu thaumu kuukaribia msikiti. Na Bibi Aisha amepokea kwamba watu walikuwa wakija Ijumaa na vumbi na jasho la kazi zao, naye Mtume akawaelekeza kuoga. Hakuwaita najisi, wala hakuwadharau.

Basi, ndugu zetu, udi uje baada ya maji, usije badala ya maji. Na mvuvi naye aoge akipata nafasi. Asipopata, tumsogelee bega kwa bega. Kwani huenda anukaye samaki chumo lake ni la halali, na anukiaye udi kanzu yake imenunuliwa kwa riba. Uvundo huo pua haiusikii, na ndio unaostahiki kuogopwa zaidi.

Wallahu aalam.