Swali Ambalo Sikuuliza

Baada ya arobaini ya baba, chumba chake cha Tabata kilibaki na vitu ambavyo hakuna ndugu aliyevitaka: godoro lililooza, kabati lililoliwa na mchwa, redio mbovu, magunia ya nguo.

Mwenye kirikuu alikuja, akainua pembe ya godoro, akasema, "Dada, elfu sitini. Hapo kuna mafuta hadi dampo la Pugu na kijana wa kupakia. Redio na vyuma nitauza mwenyewe, ndiyo maana nimekupunguzia."

Mwenye guta alitaka elfu ishirini. Sikumuuliza anapeleka wapi, naye hakusema. Nikampa.

Bei ya kuondoa taka tunaihesabu kwa uzito, umbali na jasho. Lakini nilijua kwamba hakuna anayesukuma guta hadi Pugu kwa elfu ishirini. Nilijua pia kwamba bonde la Msimbazi liko jirani, na mto ule hushuka hadi Jangwani, ambako mvua kubwa huingiza maji majumbani mwa watu.

Kama godoro liliishia mtoni, basi ile elfu arobaini sikuiokoa. Nilimwachia deni mtu nisiyemjua, alilipe kwa ndoo na ufagio.

Naweza kujitetea kwamba sina uhakika. Ni kweli, sina. Lakini uhakika ulikuwa swali moja tu mbali nami, na nilinyamaza kwa sababu jibu lingenigharimu.

Mvua ikinyesha usiku, nalikumbuka godoro la baba.