Bunduki Si Yake, Kidole ni Chake



Wazee wetu husema, "Mtumikie kafiri upate mradi wako." Methali hii yamfaa mtu anayepalilia shamba la tajiri au anayefua nguo za mgeni. Je, yamfaa pia mtu aliyepewa bunduki? Hilo ndilo swali la mwezi huu, na ili tusiseme maneno matupu, tuanze na historia ya nchi yetu.

Zamani za Wadachi, karibu askari wote wa jeshi lao huko Tanganyika walikuwa Waafrika. Wa kwanza waliajiriwa Misri, wengi wao wenye asili ya Sudani, na wengine wakatoka Msumbiji. Baadaye wakaingia Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na makabila mengine. Silaha yao ilikuwa bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Ilitiwa risasi moja moja, tundu la mtutu wake lilikuwa milimita 11, na ilitumia baruti nyeusi. Kila ilipopigwa ilitoa wingu la moshi, adui akajua mara moja mpigaji yuko wapi. Vita vilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi yalikuwa bado na bunduki hiyo hiyo.

Sasa tazameni jinsi silaha zilivyohama. Mwezi wa Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Mizinga ya Pegasus ikaopolewa na kupelekwa kupigana nchi kavu. Julai 1915 Königsberg nayo ikaangamia katika mto Rufiji, na mizinga yake 10 ikatolewa, ikafungwa magurudumu. Leo mizinga ya meli hizo mbili inaonekana pamoja katika Fort Jesus, Mombasa. Huko Tanga, Novemba 1914, askari wa Wadachi waliteka kwa Waingereza bombomu 16 na bunduki mpya za kutosha makampuni matatu. Novemba 1917 walivuka Ruvuma, wakaishinda ngome ya Wareno pale Ngomano, wakachukua silaha zao. Na walipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, walikabidhi bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Katika bombomu zao 37, ni 7 tu zilizokuwa za Kijerumani.

Basi askari wa Mdachi alimaliza vita ameshika bunduki ya Mwingereza. Bunduki haina kabila wala bwana. Humtii yeyote aishikaye. Lakini mkono ulioishika ulikuwa ule ule. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1960, Ujerumani ya Magharibi ilipowalipa wazee hao mishahara yao ya zamani, wasiokuwa na hati walipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani waushike kama bunduki. Mikono yao haikuwa imesahau.

Askari aweza kujitetea hivi: "Bunduki si yangu, ni ya serikali. Vita si vyangu, ni vya wakubwa. Mimi natafuta mshahara." Utetezi huu una ukweli ndani yake, wala tusiudharau. Si yeye aliyeanzisha vita. Wengine walikuwa maskini, na mshahara wa askari ulizidi sana wa kibarua. Lakini utetezi huo hauwezi kufunika kila kitu. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, silaha iliyoua watu wengi zaidi haikuwa Mauser wala bombomu. Ilikuwa moto. Mashamba na maghala yalichomwa, njaa ikafuata, ikaua makumi ya maelfu. Amri ilitoka kwa Mdachi, lakini kijinga cha moto kilishikwa na mkono wa Mwafrika, na mama aliyekuwa akilia kando ya ghala aliomba rehema kwa lugha ambayo mara nyingi askari aliielewa.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Katika Vita Kuu ya Pili, maelfu ya Wakozaki, watu wa Urusi wanaosifika kwa kupanda farasi, waliingia katika jeshi la Wajerumani. Wengi walikuwa na kisasi cha haki, maana serikali ya Stalin iliwatesa mno. Walibaki na panga zao za jadi, wakapewa na bunduki zilizotekwa kwa Warusi. Wakapelekwa Yugoslavia, ambako vijiji vilichomwa na wanawake wakanajisiwa. Mwaka 1945, huko Austria, Waingereza waliwanyang'anya silaha, kisha wakawakabidhi kwa Warusi, wengi wakiwa hawataki. Twaweza kuwahurumia. Lakini mwanamke wa Yugoslavia aliyechomewa nyumba hakumkosea Mkozaki lolote. Deni la Stalin lilidaiwa kwake kwa kosa gani?

Mfano mwema tunao katika dayosisi yetu wenyewe. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza kikosi cha wapagazi mwaka 1916, akiwa na cheo cha meja katika jeshi la Waingereza. Mwaka 1918 aliandika kuushutumu utawala wa Wajerumani kwa kuwatesa Waafrika. Mwaka 1920 akaandika tena, safari hii akiwashutumu Waingereza wenzake kwa kazi za kulazimisha. Aliitumikia serikali yake, lakini hakuikabidhi dhamiri yake.

Someni Luka 3:14. Askari walimwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini. Hakuwafukuza, wala hakuwaambia kwamba amri ya mkubwa yatosha kuwaosha. Aliwakataza kudhulumu, akawataka watosheke na ujira wao. Yaani aliwahesabu kuwa watu wenye hiari, wanaoweza kukataa uovu hata wakiwa ndani ya sare.

Sisi wa Pemba tunayo sababu ya kulikumbuka neno hili. Januari 2001 watu walikufa kwa risasi katika kisiwa hiki, na wapo majirani zetu ambao mwezi huo ukifika hawalali. Vijana wetu nao wanaendelea kuingia polisi na jeshini, na ni kazi ya heshima. Mzazi, mwanao akikuaga siku ya kwenda depo, mwombee, mpe nauli, na umwambie jambo moja: siku ya kuondoka kazini utairudisha bunduki, sare na viatu, na karani ataviandika kimoja kimoja. Lile ulilolifanya kwa kidole chako halina ghala la kurudishiwa.

Mungu awape hekima wanaotoa amri, na ujasiri wanaozipokea.