Tawakali Mbele ya Moto wa Jikoni

Moto ulapo nyumba ya makuti huko Msimbati, au uunguzapo mkono wa mtoto katika jiko la uani huko Mikindani, neno la kwanza kinywani mwa waliokuja kutoa pole ni kwamba hiyo ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Na neno hilo ni la haki, wala sijui faraja nyingine iwezayo kumfikia upesi mama aketiye mkekani akiyatazama majivu ya mali yake. Lakini neno lililo haki baada ya msiba laweza kuwa dhuluma likiutangulia msiba, nami nimekusudia kuchungua hilo: je, mtu awekaye chungu ya mchanga karibu na mafiga yake, na mfuniko karibu na karai lake, imani yake imepungua kwa kiasi cha tahadhari yake?

Wako wacha Mungu wa kweli wadhanio hivyo, nami nawaheshimu, ila naona dini yenyewe haiko upande wao. Imepokewa katika hadithi sahihi ya kwamba nyumba moja ya Madina iliteketea usiku na watu wake wamo ndani, na habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, aliutaja moto kuwa ni adui wa wanadamu, akaamuru uzimwe kabla ya kulala. Katika hadithi nyingine alitaja hata mlango ambao balaa hupitia, ya kuwa panya aweza kuukokota utambi wa taa akaiunguza nyumba na waliomo. Natafakari sana habari ya panya huyu. Aliyejua kuliko sisi sote ya kuwa mambo yamekwisha kadiriwa hakuona haya kuifuata sababu hata ikamfikisha kwa mnyama mdogo namna ile, na kila nyumba iwashayo kibatari hata leo imo katika wasia wake. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya tawakali katika kitabu chake Ihya, alimhesabu alalaye chini ya ukuta ulioinama, au katika mapito ya mafuriko, kuwa amejitia katika maangamizo pasipo faida, wala hakumhesabu kuwa amemtegemea Mola wake. Na mkulima wa bonde la Ruvuma, aujuaye mto ule wakati wa mvua, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Tena fundisho hili tunalo nyumbani, kwa wanawake wachomao korosho. Ganda la korosho limehifadhi ndani yake mafuta makali, yababuayo ngozi na kushika moto kwa wepesi, hata bati lililotobolewa likiisha kupata moto sawasawa, mafuta hutoka kwa kishindo na bati zima huwa ndimi za moto na moshi mweusi. Mwanamke achomaye husimama upande utokako upepo, huchochea kwa mti mrefu, na anapoona wakati umewadia huzimwaga korosho chini na kuzifukia kwa mchanga. Moto ukafa, na mchanga ukayanywa mafuta yaliyosalia. Mchanga ule ulikuwapo tangu kabla ya kiberiti kuwashwa. Hakuanza kuutafuta baada ya moto kupanda, maana moto upandapo akili hutawanyika, na mkono hauwezi ila lile uliolizoea. Alisema bismilahi, akachota mchanga, na kama kiini kitaiva au kitaungua hakujua. Mimi sijaona tawakali iliyokamilika kuliko hiyo.

Mwenyezi Mungu ameviumba vitu vikawa na desturi zao, na desturi hizo hazimbagui mcha Mungu na fasiki. Mafuta ya kukaangia samaki yakishika moto, maji yakamwagwa juu yake, maji yaliyo mazito huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke mara moja na kutanuka kiasi cha mara 1,700, yakayarusha mafuta yawakayo hadi darini. Lakini moto wa chini ukizimwa na karai likafunikwa, likaachwa hata lipoe, moto hukosa hewa ukafa wenyewe. Gesi asilia iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 ni methani kwa sehemu kubwa, nyepesi kuliko hewa, nayo hupaa. Bali ile ya mitungi tununuayo dukani ni propani na butani, nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya, na aisikiaye harufu yake yampasa afunge mtungi na kufungua milango, asiguse kiberiti wala swichi ya taa. Aliyeungua naye hutiwa maji baridi yatiririkayo kwa dakika 20, si dawa ya meno wala yai. Kuyajua haya ni kuijua kazi ya Muumba, na kuyapuuza kwa jina la imani ni kumkosea adabu.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa namba 114, na ni wajibu kuliita. Lakini gari litokalo Mtwara mjini lina mwendo mrefu hadi Msimbati, na makuti hayangoji.

Liko jambo moja linipalo uzito zaidi. Dini ile ile iliyoamuru moto uzimwe imemhesabu pia afaye kwa kuungua kuwa ni shahidi. Cheo hicho ni rehema kwa marehemu na kitulizo kwa waliofiwa, wala haimpasi mtu kuwahesabia taksiri zao makaburini. Bali si hati ya kumsamehe aliye hai. Katika nyumba zetu mwenye kunena sana habari za kadari aghalabu ni mwanamume aketiye barazani, na mwenye kukaa mbele ya moto ni mkewe na binti yake, ambao hawana amri juu ya fedha. Mwanamume huyo ni mchungaji wa nyumba yake, na mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga: mpira wa gesi uliopasuka, naye aliambiwa tangu mwezi uliopita, kibatari kilichowekwa kando ya chandarua cha mtoto, mfuniko ambao mkewe aliuomba, akajibiwa kwamba Mungu yupo.