Kisiki Kilicho Hai na Amri ya Saba



Amri ya saba mmekwisha kujifunza: Usiibe. Kila mmoja wenu anajua kwamba kuchukua mbuzi wa jirani ni dhambi. Lakini je, mtu aweza kuiba hata msituni, mahali pasipo ua wala mlango? Sikilizeni mfano huu.

Huko Katanga, katika msitu wa miombo, palikuwa na mkatekumeni aliyechoma makala. Makala yake yaliuzwa Lubumbashi, na kwa fedha hiyo aliwalisha watoto wake na kuwalipia shule. Siku moja mzee mmoja Mkristu alimwonya kwa sababu ya ukataji wake. Yeye akajibu: « Baba, miti hii haikupandwa na mtu. Ninamwibia nani? »

Mzee hakumgombeza. Alimwongoza mpaka mahali palipokatwa zamani kidogo, kisha pakaachwa kupumzika. Kila kisiki kilikuwa kimechipua, na machipukizi yalikuwa yamempita mtu kwa kimo. « Tazama, mwanangu, mzee alisema. Mti wa miombo ukikatwa haufi, maana mizizi yake ingali hai udongoni. »

Kisha wakafika mahali pengine. Hapo watu walikuwa wamekata hata machipukizi machanga, na kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi, nyasi zilipokuwa kavu kabisa, moto mkali uliyateketeza yaliyosalia. Hapakuwa na kitu ila nyasi. Mvua zilikuwa zimekwisha kunyesha, na wanawake walipita na vikapu vitupu wakitafuta uyoga. Kati yao alikuwamo mke wa yule mchoma makala. « Hapa mama yangu alikuwa akijaza kikapu », alisema, akaendelea na safari yake. Mumewe akanyamaza.

Basi, fahamuni sababu. Uyoga mwingi wa miombo unaishi pamoja na mizizi ya miti. Nyuzi zake nyembamba hushikamana na mizizi, huupatia mti maji na chakula cha udongo. Nao mti huupa uyoga chakula kilichotengenezwa na majani kwa nuru ya jua. Mti ukifa pamoja na mizizi yake, uyoga ule nao hukosa kwa kuishi. Hivyo Mungu ameunganisha viumbe vyake: hakuna kinachoishi peke yake.

Kitabu cha Mwanzo chafundisha kwamba Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kulima peke yake hakutoshi. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inapoeleza amri ya saba, yasema kwamba viumbe vyote vimewekwa kwa faida ya watu wote: wa zamani, wa sasa na wa baadaye. Kumbe, mwenye kuua kisiki huwaibia watoto ambao hawajazaliwa, wasioweza kumshitaki.

Yule mkatekumeni hakuacha shoka lake, kwa maana watoto walipaswa kula. Lakini tangu siku ile aliacha miti mikubwa kadhaa itoe mbegu. Tanuru lake alilirudisha mahali pale pale pa zamani, asiunguze udongo mpya. Palipokatwa alipapumzisha. Tena, kwa ruhusa ya mkuu wa kijiji, yeye na jirani zake walichoma nyasi kandokando mwanzoni mwa kiangazi, zingali na ubichi, ili moto mkali wa Septemba usipate njia.

Ayubu, katika mateso yake, alikumbuka kwamba mti uliokatwa una tumaini la kuchipuka tena. Ninyi mnaongoja Ubatizo, msilizime tumaini hilo.

Swali: Msitu ni wa nani?
Jibu: Msitu ni wa Mungu, aliyewakabidhi watu wautumie na kuutunza.

Swali: Anayeuharibu humwibia nani?
Jibu: Humwibia jirani yake, na watoto watakaokuja.