Kwa vijana ambao uchumba wao umevunjika

Wapendwa vijana wa Uvira na wa kandokando ya ziwa,

Tunawaona. Uchumba wa kwanza ukivunjika, binti anaacha kwaya na kujifungia nyumbani. Kijana anakimbilia machimbo ya dhahabu ya Misisi ili asahau. Wengine wanataka nabii awaonyeshe upesi mchumba mwingine.

Mnakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukachukua watu na nyumba. Hatulinganishi msiba ule na uchumba. Lakini tulijifunza: nyumba haijengwi juu ya tope. Watu walilia, wakazika, wakaondoa tope kwanza.

Nanyi lieni, si aibu. Kisha ondoeni tope la hasira na la kisasi. Usichumbie mtu ili kumwumiza yule wa kwanza.

Someni Yeremia 18: chombo kiliharibika, mfinyanzi hakutupa udongo wake. Ulikuwa mtoto wa Mungu kabla ya kupendwa na yeyote; aliyekuacha hakuondoka na jina lako la ubatizo.

Wazazi, msiwacheke. Vijana, rudini kwayani. Nafasi zenu zinawangoja.

Amina.