Kama Mtoto Angekuwa Mrefu

Mwaka jana nilikaa wiki 6 katika kijiji kimoja mkoani Njombe, nikipima urefu wa watoto kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Njombe kuna mahindi, viazi na maharage, na maparachichi yake yanauzwa hadi nje ya nchi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa Tanzania ni asilimia 30. Chakula kipo. Kinachopungua mara nyingi ni mtu wa kukaa na mtoto, kumlisha kijiko kwa kijiko, bila haraka, mara kadhaa kwa siku. Mtu huyo tangu alfajiri yuko shambani, pengine shamba la mwingine.

Dodoso langu liliishia na maswali 9 kuhusu hali ya mama. Unapata usingizi? Unajiona hufai? Nilijua kwa nini yamo. Mama mwenye sonona huishiwa nguvu za kumbembeleza mtoto anayekataa uji, na mtoto asiyebembelezwa hula kidogo. Hayo nimeyasoma na ninayaamini.

Mama mmoja, ambaye mwanawe wa miaka 2 na miezi 2 alikuwa na sentimita 77, alinijibu yote kwa utulivu. Halali. Hali vizuri. Mume akirudi amelewa ulanzi, ndiyo kabisa. Kisha akaniuliza, "Daktari," (nilishamwambia mara mbili kuwa mimi ni mwanafunzi tu) "huyu angekuwa mrefu, ungeniuliza kama ninalala?"

Nikababaisha kitu kuhusu umuhimu wa utafiti. Ukweli ni kwamba nisingemuuliza. Katika pendekezo langu, usingizi wake uliorodheshwa chini ya "vihatarishi", pamoja na choo na maji.

Utasema si neno, mradi anasaidiwa. Nami nilijiambia hivyo njia nzima nikirudi nilikofikia. Lakini msaada unaokuja kwa jina la mtoto huondoka mtoto akishakua, na mama anabaki na mume yuleyule. Tena hugeuka lawama upesi. Kwenye kliniki moja nilimwona mama akikaripiwa mbele ya foleni nzima kwa sababu mstari wa kadi umeshuka. Baba hakutajwa. Sasa tukiongeza kwamba huzuni ya mama humdumaza mtoto, jambo ambalo ni kweli, tunampa kosa jingine la kubeba: hata kulia kwake ni kumkosea mwanawe.

Kesho yake nilirudi kwake bila kishikwambi. Nikamwamkia, nikamwambia, "Dada, swali lako la jana, jibu ni hapana." Akacheka, akanisogezea kigoda na kisu, tukamenya viazi. Alianza mbali, tangu kabla hajaolewa. Mtoto hakumtaja mpaka jua lilipokuwa utosini.